Asili ya Neno Divai

Neno divai limekaa katika Kiswahili muda mrefu hata wengi wetu hulidhania kuwa neno moja. Asili yake ni maneno mawili ya Kifaransa, du vin, au matatu tukihesabu sawasawa, kwa kuwa du yenyewe ni de na le yaliyoungana. Mimi si mnywaji. Mapenzi yangu ni kwa neno, si kwa chupa.

Baadhi ya wanafunzi wangu hapa Unguja hulicheka. Husema kuwa wazee wetu hawakujua neno la mgeni lilipoanzia, wakameza kijineno cha mbele pamoja na jina. Cheko hilo silikubali. Mfaransa aombapo kinywaji hicho hasemi vin peke yake. Husema du vin. Aliyemsikiliza alilipokea kama lilivyotoka kinywani. Hata irabu yathibitisha usikivu wake: u ya Kifaransa hutamkwa kwa midomo ya u na ulimi wa i, na sikio la pwani likachagua i. Krioli ya Morisi ilichagua vivyo hivyo: divin ni divai, diri ni mchele. Merikebu za Wafaransa zilikwenda na kurudi baina ya visiwa vile na pwani yetu tangu karne ya 18, na mikarafuu ya Unguja ilitoka upande huo huo mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo naelekea kuamini kuwa neno hili lilikuwa la mabaharia kabla ya kuwa la wamisionari wa Kifaransa waliofika Unguja mwaka 1860, ambao nao walitoka Réunion.

Na Wafaransa wenyewe je? Lendemain, yaani siku ya pili yake, ni le, en na demain. Zamani ilikuwa l'endemain. Kijineno kikagandamana na jina, wakasahau, wakaongeza kingine mbele: le lendemain. Alcool wameitwaa kwa Waarabu pamoja na al yake, kama sisi tulivyotwaa Alhamisi na alasiri. Sijasikia mtu akiwacheka.

Vinho ya Wareno tuliivika m, tukapata mvinyo na mivinyo. Divai haikuvikwa kitu. Ilikuja na kilemba chake kichwani. Ndiyo maana asemaye "bilauri ya divai" hutamka "ya" mara mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kifaransa, na ile ya pili haisikii.