King'ora cha gari la Ami

Wale mnaokaa upande wetu wa Al-Khuwair mnalijua gari hili, na baadhi yenu mmeshalilaani. Ni Corvette nyekundu ya mwaka 1986, mali ya Ami yetu, iliyokuwa ikipiga honi yenyewe saa tisa za usiku mpaka majirani wakatoka nje na vikoi. Kwanza tunaomba radhi. Kisha tunataka kueleza tuliyoyaona ndani ya gari lile, maana tulihangaika nalo miezi minne ya joto, na mwisho wake tulifanya jambo ambalo hatujalisimulia popote.

Sisi ni watatu, ndugu wawili na shemeji yetu. Hakuna fundi wa kusomea baina yetu. Mmoja mhasibu, mmoja aliwahi kutengeneza redio na simu, wa tatu kastaafu na kazi yake kubwa ni kushika tochi na kulaumu. Tunakutana Ijumaa baada ya sala na chakula, jua likishapungua makali.

Ami alikuja Maskati kutoka Unguja mwaka 1972, miaka miwili baada ya Sultan Qaboos kushika nchi, wakati wengi wa watu wetu walipokuwa wakirudi. Alifanya kazi katika mafuta, na mwaka 1989 akalinunua gari hili kwa mgeni aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiliita "mke mwenzangu". Wakati wa tufani ya Gonu, Juni 2007, maji yaliingia mpaka kwenye viti, na kuanzia hapo kila kasoro ya gari lile tukaibandika Gonu. Ndivyo tulivyoanza kwa kukosea.

Gari lilikuwa na magonjwa mawili: honi ya usiku, na siku nyingine kukataa kuwaka. Tulidhani ni ugonjwa mmoja. Tulilipeleka gereji moja, fundi akasikiliza nusu ya maneno yetu, akasema king'ora cha kiwandani ni takataka, kikatwe chote. Akavuta koleo. Ami alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akasema kwa Kiarabu, taratibu kabisa, "Ukikata waya mmoja utanilipa gari zima." Tukarudi nalo nyumbani juu ya lori.

Kumbe ndani ya gari hili mna walinzi wawili, na hawajuani.

Mlinzi wa kwanza ni wa milango. Ukifunga gari, anakaa akiangalia swichi ndogo zilizomo kwenye milango na kwenye kioo kikubwa cha nyuma. Mlango ukifunguka bila ya ufunguo, anapiga honi. Huyu hana akili nyingi. Haoni mwizi, anaona swichi tu. Na swichi ya chuma ikikaa karibu miaka arobaini katika unyevunyevu wa Maskati, chumvi ya bahari huila. Usiku hewa ikijaa maji, swichi huona kama mlango umefunguliwa. Tena Corvette bodi yake si bati, ni faibaglasi. Gari la bati, mwili wake wenyewe hurudisha umeme kwenye betri. Hili halina mwili wa namna hiyo, kwa hiyo kila taa na kila swichi inahitaji waya wake wa kurudishia umeme mpaka kwenye fremu ya chuma iliyo chini. Waya hizo zikioza mahali zilipofungwa, gari huanza mambo ya kijini: unawasha taa, kioo kinashuka. Tulifungua kila mfungo, tukaupiga msasa, tukatia grisi, tukabadilisha swichi ya mlango wa dereva. Honi ya usiku ikanyamaza na haijarudi tena. Kazi hiyo ilituchukua Ijumaa tatu, na gharama yake haikufika bei ya mbuzi.

Mlinzi wa pili ndiye mwenye mambo. Huyu hakai milangoni, anakaa kwenye ufunguo. Corvette zilikuwa zikiibwa sana huko Marekani, na kuanzia mwaka 1986 General Motors wakaziwekea ufunguo wa namna mpya. Uangalie vizuri: kwenye bapa lake pana kijiwe cheusi chenye vichuma viwili pembeni. Ami hukiita "jicho". Ndani ya kijiwe mna risista, yaani kipande kinachoukinza umeme kwa kiasi maalumu. Ukinzani huo hupimwa kwa omu, kama tunavyopima sukari kwa kilo, na kiwanda kilitumia viwango 15 tu, cha chini kabisa omu 402 na cha juu kabisa karibu 11,800. Ufunguo ukiingia, umeme mdogo hupita katika jicho, hushuka kwa nyaya mbili nyembamba ndani ya nguzo ya usukani, hufika kwenye kisanduku kilichofichwa nyuma ya dashibodi. Kisanduku kinajua kiwango kimoja tu. Kikikiona, kinairuhusu stata na kinairuhusu injini ipate mafuta. Kisipokiona, hakipigi kelele wala nini. Taa zinawaka, redio inaimba, lakini ukizungusha ufunguo ni kimya. Na baada ya hapo hata ukiweka ufunguo wa kweli, kinakugomea dakika 2 mpaka 4 kwanza. Mwizi hana subira hiyo. Wala sisi hatukuwa nayo, na katika dakika hizo tulitamka maneno ambayo hayafai siku ya Ijumaa.

Tulipima jicho la ufunguo wa Ami: omu 2,360. Kiwango cha nane katika vile 15 ni 2,370, basi jicho ni zima. Tukapima tena chini ya dashibodi, ufunguo ukiwa mahali pake, na shemeji akiupandisha na kuushusha usukani. Hapo mita ikaanza kucheza: 2,360, mara hakuna kitu, mara 2,360. Gonu haikuwa na kosa. Nyaya zile mbili ni nyembamba kama uzi, na kila Ami alipozungusha ufunguo kwa miaka yote ile zilijipinda pamoja na kitasa, mpaka moja ikakatika ndani ya ganda lake. Kwa nje inaonekana nzima.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni ya mkato: Ruwi utapata risista ya omu 2,200 na nyingine ya 180, uziunge kwa lehemu ziwe 2,380, uzifunge moja kwa moja kwenye kisanduku. Kisanduku kitaridhika milele, na mlinzi atakuwa amelala milele. Gari litawaka kwa ufunguo wowote uliochongwa meno sawa. Ya pili ni kung'oa usukani, kufungua nguzo, kutia kitasa kipya chenye nyaya zake. Tulichagua ya pili, kitasa tukakiagiza Marekani, kikakaa njiani wiki tano.

Ni katika wiki hizo ndipo binti wa Ami alipotuita jikoni.

Ami ana miaka 85. Mwezi wa Machi alitoka na gari lake jengine, la kila siku, kwenda Seeb kuzika, akaonekana Barka baada ya Isha, mafuta yamemwishia, hakumbuki nani kafa. Hilo gari la kila siku wanawe wameshaliuza. "Kaka zangu," binti yake akatuambia, "semeni limeshindikana." Tukanyamaza. Halafu mmoja wetu, hatutamtaja, akafungua mdomo akaeleza habari ya jicho: kwamba ukichonga ufunguo wenye meno yale yale lakini hauna jicho, kila kitu kitafanya kazi isipokuwa kuwaka. Mzee atauzungusha, atasikia redio, ataona taa. Atasema gari kongwe. Hakuna wa kulaumiwa.

Tuliuchonga Ruwi. Kitasa kilipofika tukakitia, gari likawaka mara ya kwanza kwa ufunguo wa kweli, Ami akiwa ndani amelala. Tukalizima haraka. Jioni tukampelekea ule mwingine juu ya sinia pamoja na kahawa, tukamwambia, "Shikamoo Ami, tumejitahidi, lakini limekataa." Wallahi tulisema hivyo, watu wazima watatu.

Hakuutazama. Aliupitishia kidole gumba mara moja tu, kwenye bapa.

"Huu hauna jicho."

Nje palikuwa na kunguru wanapigana. Sisi tulikuwa tukiangalia vikombe.

"Mimi ndiye niliyekufundisheni habari ya jicho," akasema. "Mlikuwa na miaka kumi." Kisha akauliza nani aliyelitaka jambo hili, na kabla hatujajibu binti yake akasema mlangoni, "Mimi, baba." Akamtazama kwa muda mrefu. Alimuuliza kama siku ile ya Barka ilikuwa ni kweli ameulizwa na askari jina la baba yake akashindwa kulijibu. Akajibu ni kweli. "Mngeniambia," Ami akasema. "Mnaniambia leo kwa ufunguo."

Hatukuwa na la kusema, na hata sasa hatuna. Siku ya tatu alitwita mwenyewe. Alitaka ufunguo wa kweli, tukampa. Akatwambia tufungue boneti, akawasha, akaisikiliza injini na kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza mtoto anavyosoma, akazima. Akamkabidhi binti yake mkononi, akataja sharti: kila Ijumaa mmoja wetu aendeshe, yeye akae kushoto kwa dereva... la, tumekosea, usukani wa gari hili uko kushoto, basi yeye hukaa kulia, naye bado hajapazoea. Tunakwenda mpaka Qurum, tunapita ufukweni, tunarudi. Akiona tunapiga gia vibaya hutwambia.

Ule usio na jicho kauweka mwenyewe mfukoni. Jioni huufungua mlango wa gari, huketi mahali pake pa zamani, huuzungusha nusu, akasikiliza kanda za Nadi Ikhwan Safaa mpaka adhana ya Magharibi. Betri ndiyo inayoumia. Ijumaa mbili mfululizo tulilikuta gari halina umeme hata wa kufungua kioo, ikabidi tununue chaja ya ukutani, na waya wake sasa unapita dirishani mwa chumba cha wageni.