Si Akili Mbovu, ni Nyaya

Wasomaji wangu, leo naweka kando PHP na MySQL. Nataka tuzungumzie nyaya ambazo hakuna fundi wa kuzibadilisha: zile za ubongo.

Mpwa wangu hapa Dunga, kando ya ziwa, alizaliwa wa miezi saba. Sasa ana miaka 9, anatembea kwa ncha za vidole, magoti yakigusana. Daktari alisema ni mtindio wa ubongo. Majirani wanasema ni chira, na dada yangu ndiye anayeulizwa alivunja mwiko gani.

Tuutazame mtambo wenyewe. Seli za neva huwasiliana kwa nyuzi ndefu, nyingi zikiwa zimevikwa mafuta yaitwayo mayelini, kama plastiki juu ya waya. Mafuta hayo ndiyo huipa sehemu hiyo ya ubongo weupe wake. Ujumbe kwenye uzi uliovikwa vizuri unaweza kwenda mita 100 kwa sekunde; kwenye uzi mtupu, kama mita 1 tu.

Kati ya wiki ya 24 na ya 32 za mimba, seli zitakazotengeneza mayelini bado ni changa. Damu au oksijeni ikipungua, au maambukizi yakiingia, hufa upesi. Nyuzi za miguu hupita karibu na vyumba vya maji vya katikati ya ubongo, mahali panapoumia zaidi. Ndiyo maana miguu hukakamaa, lakini akili inaweza kuwa salama kabisa. Mpwa wangu hunifunga drafti kila Jumapili!

Sasa sikilizeni hili. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2006 ulikuta jeraha hilo la sehemu nyeupe kwa asilimia 42.5 ya watoto wenye mtindio waliopigwa picha za MRI. Mwaka 2016, Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake walichapisha picha za CT za watoto wa Uganda, ng'ambo ya ziwa letu: asilimia 4 tu. Asilimia 44 walikuwa wameumia sehemu ya kijivu, dalili ya mtoto aliyetimiza miezi lakini akapata shida wakati wa kuzaliwa.

Kweli, CT huona sehemu nyeupe kwa shida kuliko MRI. Lakini ukisoma logi za seva zinazowaka tu, zilizozimika huzioni. Njiti wengi wa kwetu walikufa kabla ya kufikia kupigwa picha.

Kwa hiyo kadiri Kisumu inavyookoa njiti wengi zaidi, ndivyo tutakavyowaona watoto kama mpwa wangu. Watahitaji mazoezi ya viungo mapema, na dawati shuleni. Mama zao hawahitaji maswali yetu.