Simu ya Ofisini Iliniokoa, Halafu Ikaniumbua

Hiki kisa nimekaa nacho kama miezi miwili, na kila nikikikumbuka nasikia aibu mpaka masikioni.

Nafanya kazi kwenye kampuni moja hapa Dar, tunauza spea za malori. Mimi ndiye napokea simu. Siku hiyo akapiga mteja wa mkoani, mtu mzima, anataka giaboksi. Tukaelewana bei. Kwa kuwa ni mteja wa siku nyingi, mzigo ukatangulia, hela ikafuata. Imepungua milioni moja! Mzee anasema, "Yule binti aliniambia milioni tatu na laki mbili."

Bosi akaniita. Akasema itakatwa kwangu. Jamani, mshahara wangu ni laki nne na nusu. Nikaanza kulia pale pale, sina hata aibu.

Jamaa wa IT akasema, "Bosi, si tuisikilize tu?"

Kumbe tangu waondoe simu za zamani wakaweka hizi zinazopitia intaneti, kila simu inahifadhiwa kwenye seva, na tarehe, saa na namba ya meza iliyopokea. Nina miezi tisa pale, hakuna aliyewahi kuniambia. (Msiniulize nimeshaongea nini na simu ile.) Dakika tano tu jamaa kaipata.

Wakaweka spika. Nikajisikia: "Milioni nne na laki mbili, baba." Mzee naye: "Nne na mbili, sawa mwanangu."

Nikapumua. Ila rekodi haikuishia hapo. Mzee aliomba punguzo, na mimi badala ya kubonyeza kitufe cha kumsubirisha, nikaulaza mkono wa simu mezani nikamgeukia mwenzangu: "Punguzo gani na huyu bosi wetu mkono wa birika? Mwezi wa pili huu ovataimu hatujaiona."

Neno kwa neno. Maana yake hata mteja alisikia.

Bosi akakohoa kidogo. "Zima."

Mzee alipotumiwa kipande cha bei akamalizia hela bila maneno. Ovataimu ililipwa Ijumaa ile ile. Mpaka leo hatujawahi kuizungumzia.

Mimi sipingi simu kurekodiwa, bila ile rekodi saa hizi ningekuwa nafanya kazi ya bure. Kilichoniuma ni ule ukimya. Nikaenda kusoma: kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na inataka mtu ajue taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani kabla hazijachukuliwa. Sasa sauti yangu si taarifa yangu? Na ya yule mzee je? Nikajikaza nikamwambia bosi, miguu inatetemeka. Akanisikiliza, akaniuliza swali moja tu: nani atasoma hayo maneno ya kuwatangazia wateja?

Basi ukipiga ofisini kwetu leo, unaanza kunisikia mimi: "Karibu. Simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kumbukumbu za biashara."

Juzi simu yangu iliisha chaji, mama akapiga ya ofisini. Jioni nafika nyumbani nimekuta kanuna. "Nakusalimia huitikii, unaniambia tu simu inarekodiwa. Nimekukosea nini mwanangu?"