Acheni kumwambia "usiogope"

Wasee, tuongee ukweli. Mtu wetu akienda kemo, sote huwa na maneno yaleyale: "Usiogope, jipe moyo." Tukishasema hivyo tunaona tumesaidia. Lakini hofu haisikii amri. Ataendelea kuogopa, ila sasa kimyakimya, ndio asituvunje moyo.

Shosho yangu anaishi Njoro. Kila baada ya wiki tatu mimi ndiye humsindikiza Nakuru kuwekewa dripu, maana tangu niache chuo ratiba yangu ndiyo iko na nafasi. Matatu ikikaribia mjini tumbo linamgeuka, na sindano hata hajaiona. Manze, hiyo si kujifanya. Mwili hukumbuka, na harufu au njia tu ya kwenda hospitali inaweza kuleta kichefuchefu kabla ya dawa.

Nesi mmoja alimfundisha zoezi. Kaza ngumi kama sekunde 5, achilia polepole. Fanya hivyo kwa mabega, uso, tumbo, mapaja, hadi vidole vya miguu. Mkono wenye sindano na mahali panapouma, ruka. Halafu vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Ukisikia kizunguzungu, pumua kawaida.

Hii haikuanzia TikTok. Daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, aliandika kitabu kuhusu kulegeza misuli mwaka 1929. Na mwaka 2023, mwongozo wa American Society of Clinical Oncology na Society for Integrative Oncology ulitaja mazoezi ya kutuliza mwili kati ya mambo yanayoweza kumsaidia mgonjwa wa saratani mwenye wasiwasi akiwa kwa matibabu.

Kupumua hakutibu saratani, tusidanganyane. Anayekwambia uache kemo ufanye mazoezi pekee, mkimbie. Na kama wasiwasi umemzidi mtu hadi hali wala halali, daktari aambiwe.

Shosho bado huogopa. Lakini siku moja, dripu ikiendelea, aliniambia: "Mjukuu wangu, hapa kila kitu nafanyiwa. Hii najifanyia mwenyewe."

Basi ukimsindikiza mtu wako, punguza hotuba. Weka simu kando, kaza ngumi pamoja naye, mhesabu pole pole. Akikwambia anaogopa, mwambie umesikia.