NJOMBE SI MCHEZO: Karatasi ya mahitaji haisemi kuhusu baridi!

Ile karatasi ya mahitaji wanayokutumia shule ya bweni, msomaji wangu, usiiamini sana. Ndoo moja yenye mfuniko, jembe lenye mpini, fyekeo, ufagio wa chelewa, rimu ya karatasi, sahani, kikombe, kijiko, shuka mbili, blanketi moja. Ukiisoma haraka unaweza kudhani unakwenda kuanzisha kijiji. Sasa pale walipoandika "blanketi moja", hapo ndipo penye kasheshe.

Mimi ni mtoto wa Magomeni. Mwaka 1998, mvua za El Nino zikiwa zimetoka kuzivuruga barabara zetu, nilipangiwa kidato cha tano Njombe. Jina la shule naliacha, mwalimu wa zamu wa enzi zile asije akanisaka. Wakati huo Njombe ilikuwa bado ni wilaya ya Mkoa wa Iringa, mambo ya kuwa mkoa yamekuja 2012. Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kufika huko, lakini kila mtu alikuwa na habari zake. Mmoja alinipa pole kama nimefiwa. Mwingine aliapa kwamba huko ni viazi asubuhi, mchana na jioni. Shangazi yeye alinipa chupa ya mafuta ya nazi, nijipake nisipauke.

Kariakoo tulizunguka na mama Jumamosi nzima. Tranka la bati tulilipata kwa mafundi wa Gerezani, wakaliandika jina langu kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kama za ubavuni mwa daladala. Godoro nchi tatu. Kofuli mbili, moja ya akiba. Hela yote hiyo ilikuwa ya upatu. Mzee alikuwa amepunguzwa kazini mwaka uliotangulia, na mama zamu yake ya kupokea ilipofika aliimalizia yote kwangu, hata kanga hakununua.

Usiku wa kuamkia safari alifumua bitana ya suruali yangu, akaweka humo noti kadhaa, akashona upya. Nauli kamili ya kurudi Dar.

"Ni ya ugonjwa au msiba," akasema. "Ukiila kwa chipsi, shauri yako."

Basi liliondoka alfajiri. Safari ile, kama hujawahi kuifanya, unaisikia kwenye ngozi kabla hujaiona kwa macho. Chalinze unatoka jasho. Morogoro kuna kaupepo kutoka milima ya Uluguru. Mikumi barabara inakata katikati ya hifadhi, kama kilomita 50 hivi, watu wote shingo nje wanatafuta tembo. Ruaha Mbuyuni joto linarudi tena kwa hasira, vitunguu vinaning'inizwa madirishani, na mibuyu imesimama bondeni kama wazee wenye ugomvi wa ardhi. Halafu ndio unaupanda Kitonga. Malori mbele yenu yanatambaa, korongo liko upande mmoja, na kila abiria anakuwa mcha Mungu wa ghafla.

Ukishamaliza Kitonga, hiyo ni nchi nyingine. Kabla hatujafika Iringa mjini niliwaona wenyeji wanatoa makoti chini ya viti, mmoja mmoja, kimyakimya. Mimi na shati langu la mikono mifupi nikajifanya sijaona. Mafinga ilikuja misitu ya misonobari isiyokwisha. Makambako barabara inagawanyika, ya Mbeya inanyooka na ya Njombe na Songea inakata kushoto, na hapo ndipo meno yalipoanza kugongana. Tulipoteremka Njombe tulikuwa kilomita kama 700 kutoka Dar, na juu ya usawa wa bahari karibu mita 2,000. Nilipofungua kinywa ukatoka moshi. Ebwana wee! Kijana mmoja wa pale akaniuliza kwa upole kama huwa navuta sigara.

Bweni letu lilikuwa la watu 40, vitanda vya dabodeka. Njuka hupewa cha juu karibu na mlango, hilo halina mjadala. Kioo cha dirisha kilikuwa kimevunjika, pengo limezibwa kwa boksi la sabuni. Usiku ule wa kwanza nililala na viatu. Asubuhi nilitoa chupa ya shangazi: mafuta yalikuwa yameganda, meupe kama mshumaa! Nikayachokoa kwa kijiti huku darasa zima la baadaye likinicheka.

Kengele saa 11 alfajiri, usafi, paredi, uji, darasani, ugali na maharage, kazi za mikono, ugali na maharage tena, prepo mpaka saa 4 usiku, jenereta linazimwa. Watu wengi wakisimulia bweni wanasimulia njaa. Mimi nakataa. Chakula kilikuwa kibaya lakini kilikuwa kinafika kwa wakati. Kinachomvunja mtoto wa mjini ni ile nusu saa ya jioni, ukishakula na kengele ya prepo haijalia. Ukungu unashuka, hakuna redio, hakuna baraza, hakuna muuza kahawa anayegonga vikombe. Kwetu saa hiyo ndiyo watu wanaanza kutoka. Hapo ndipo unamkuta jitu zima la futi sita limeegemea ukuta, linatazama barabara.

Tulikuwa wawili kutoka Dar. Mwenzangu alikuwa wa Kinondoni, kichwa kweli kweli kwenye hesabu, lakini kila usiku nilikuwa namsikia anavuta kamasi chini ya blanketi. Ijumaa akaniambia, "Kesho saa tatu kuna basi. Tuondoke wote." Alijua kuhusu bitana yangu, nilikuwa nimemwambia.

Nisikudanganye, usiku ule sikulala. Niliipapasa ile suruali mara sijui ngapi. Nauli ipo, tena kamili. Lakini kila nikijiona nateremka Magomeni na tranka, namwona mama na kanga yake ya mwaka juzi.

Jumamosi tulipata ruhusa ya kwenda mjini. Tulitembea pamoja, bila maneno mengi, tukapita kwenye miwati na mashamba ya viazi. Stendi alisimama, mimi nikasema naenda sokoni mara moja. Kwenye rundo la mitumba nilipata sweta la sufu la shingo ndefu, zito kama gunia, na blanketi la pili. Nikaomba wembe kwa fundi cherehani, nikaifumua bitana palepale. Mama alisema ugonjwa au msiba. Baridi ile niliamua kuiweka kwenye fungu la ugonjwa.

Nilirudi stendi kumuaga. Alilitazama lile sweta, akacheka, akapanda basi. Simlaumu hata chembe. Alimalizia kidato cha sita Dar, shule ya kutwa, na alifaulu kuliko mimi.

Baada ya hapo nilikuwa sina nauli, kwa hiyo nikaanza kuishi. Jirani yangu wa kitanda cha chini alikuwa Mbena, na huyo ndiye aliyenifundisha yote yasiyoandikwa kwenye karatasi. Kwanza salamu: ukikutana na mama wa pale, sema "Kamwene", atakuitikia "Kamwene", na mara nyingine utapewa kiazi cha kuchoma. Pili, blanketi la pili halitandikwi juu, linatandikwa chini, maana godoro nchi tatu linapitisha baridi yote ya mbao. Tatu, kuoga ni saa 10 jioni, ndoo ikiwa imekaa juani tangu mchana. Anayeoga alfajiri anatafuta sifa. Shati la kesho unalikunja vizuri unalilalia, linaamka limepigwa pasi. Na wapishi ni watu wa kuheshimiwa kuliko mkuu wa shule, jiko lao ndilo lenye moto.

Nilimwandikia mama nikamweleza ukweli wa zile noti. Jibu lilichukua wiki tatu, nami wiki tatu hizo nilikuwa na tumbo la wasiwasi. Barua yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja, habari za mzee, habari za majirani, na mwishoni kabisa: "Hilo sweta lina rangi gani?"

Siku hizi nikipita kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis mwezi Julai nawaona na matranka yao, wamevaa fulana, wanaelekea Mafinga, Makete, Njombe. Kama na wewe umo, au mdogo wako yumo: usihangaike kubeba sweta la Kariakoo, ni jepesi. Beba hela yake. Sokoni Njombe utapata zito, tena bei utaelewana nao. Soksi nunua jozi tatu, na mafuta ya nazi waachie wa Dar.