Mjane, shamba na mvua isiyosubiri kesi

Dodoma mvua huja msimu mmoja tu kwa mwaka. Huanza Novemba au Desemba, na Aprili ikiisha imekata. Familia iliyokosa kupanda uwele, mtama au alizeti katika miezi hiyo haina msimu wa pili wa kufidia. Ndiyo maana mgogoro wa shamba huko si suala la mipaka tu. Ni suala la chakula cha watoto mwaka mzima.

Mfikirie mama mjane wa Bahi au Chamwino. Matanga yamekwisha, shemeji anakuja na jembe akisema shamba ni la ukoo. Mama ana watoto watatu, mdogo bado ananyonya. Wakili hana, na nauli ya kwenda mjini ni hela ya unga. Usiku usingizi haupatikani. Mchana ndugu wanamwambia anyamaze, asivunje undugu. Akinyamaza hadi mvua inyeshe, atakayepanda ni shemeji.

Mlango wa kwanza wa haki uko karibu kuliko anavyodhani: Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, waliothibitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Hapo mama anajieleza kwa maneno yake, mbele ya watu wanaoujua mpaka na waliomwona akilima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kuwa mila inayomnyima mwanamke au mtoto haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu.

Hata hivyo, baraza hilo husuluhisha tu, halitoi hukumu. Shemeji akigoma, mama huenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, nalo haliamui tena migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kupatanisha ndani ya siku 30. Likishindwa, hutoa hati ya kuonyesha hivyo, ndipo shauri lifike Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, anaweza kwenda wilayani moja kwa moja.

Na kwa kuwa mwenye shamba amefariki, mirathi nayo ifunguliwe mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, ili msimamizi ateuliwe. Bila msimamizi, kila ndugu hujiona mwenye mali.

Mzazi uliye kijijini, hesabu miezi. Ukiona dalili za mgogoro, peleka lalamiko Juni au Julai, mavuno yakiwa ndani na shamba limelala, usingoje mawingu ya Novemba. Kila hatua omba karatasi yenye tarehe na mhuri. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hutoa ushauri bila malipo. Uliza ofisi ya kata au afisa maendeleo ya jamii.

Walio bado pamoja wasisubiri msiba. Baba na mama waende ofisi ya kijiji kuomba hatimiliki ya kimila yenye majina yao wote wawili. Jina la mama likiwa kwenye hati, shemeji atakuta jibu limeshaandikwa.