Tsavo na Mizinga ya Sagalla

Udongo wa Voi ni mwekundu, na kila kinachoishi juu yake huuvaa. Kuta za nyumba zimeuvaa, soksi za watoto wanaotoka shule zimeuvaa, hata malori yanayokimbilia Mombasa huondoka nao. Tembo wa Tsavo wameuvaa kuliko wote. Hujigaragaza matopeni, hujimwagia vumbi kwa mkonga, kisha hutokea vichakani na rangi ya tofali la kuchoma. Ukiwaona mara ya kwanza, wakati mvua imenyesha na majani yamechipua, hutakaa uwasahau.

Kundi nililoandamana nalo lilikuwa la wanafunzi wa chuo kimoja cha Moshi, vijana wanaosomea wanyamapori na utalii. Walitaka likizo yao iwe na mambo mawili: kwanza kazi ya kujitolea kwa wakulima wanaopakana na hifadhi, kisha hifadhi yenyewe. Safari za namna hii tumezizoea kwa sura nyingine. Vijana wa Ulaya na Marekani wanashuka uwanja wa Kilimanjaro, wanapaka rangi madarasa, wanamalizia Serengeti. Kijana wa Moshi kuvuka kwenda kumshikia sululu mkulima wa Taita ni jambo tunaloliona mara chache, na ndilo lililonifanya niombe nafasi kwenye basi lao.

Mpaka wa Holili na Taveta hauchoshi siku hizi, kwa kuwa maofisa wa nchi zote mbili wanahudumia chini ya paa moja. Unagongewa muhuri, unabadili shilingi kwa shilingi, basi linaendelea. Uzuri unaanza mara tu Taveta inapobaki nyuma. Kilimanjaro, ambao kwetu Moshi unatazamwa kutoka kusini, unaonekana kwa mgongo wake wa mashariki, kilele cha Mawenzi kikiwa mbele na meno yake yote. Kisha inakuja Salaita, kilima kidogo ambacho mtu anaweza kukipita bila kugeuza shingo. Mwalimu aliyeongoza msafara alisimamisha basi hapo. Februari 1916, majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalijaribu kukiteka kilima hicho yakarudishwa nyuma na jeshi la Wajerumani, ambalo sehemu kubwa ya askari wake walikuwa Waafrika wa upande wetu. Reli ya kutoka Voi kuja Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Vijana walikaa kimya kwa muda, maana baadhi yao wamekulia umbali mfupi kutoka hapo na hawakuwahi kuambiwa.

Barabara inapita katikati ya Tsavo Magharibi bila uzio. Pundamilia wanakula kando ya lami. Kusini yake hifadhi hiyo inagusana na Mkomazi ya Tanzania, na tembo huhama baina ya mbuga hizo mbili kwa kufuata mvua na maji. Baada ya Maktau unaingia katika mashamba ya mkonge ya Mwatate, mistari mirefu ya kijani kibichi iliyonyooka hadi chini ya vilima vya Taita. Jioni tulikuwa Sagalla.

Kilima cha Sagalla kimesimama peke yake kusini mwa mji wa Voi. Juu kuna ubaridi na miti mikubwa. Chini, kwenye tambarare inayopakana na Tsavo Mashariki, ndiko waliko wakulima wa mahindi, kunde na pojo wanaotegemea mvua tu. Mwenyeji wetu, mama wa makamo mwenye shamba karibu na mpaka wa hifadhi, alipokea shikamoo zote za vijana mmoja mmoja, akawaita wanangu, akatuwekea kimanga, mihogo iliyopondwa pamoja na maharage, na chai ya maziwa. Baada ya kula ndipo alipotueleza usiku wa huko ulivyo. Tembo, alisema, hasikiki kwa miguu. Husikika kwa mahindi yanapovunjika, na ukiyasikia yakivunjika ujue umechelewa. Familia nzima inaweza kulala na matumaini ya magunia na kuamka haina hata debe.

Nimesoma mengi juu ya ugomvi wa tembo na wakulima. Sikuwa nimewahi kukaa gizani ukumbini kwa mtu anayeuishi, nikisikiliza naye.

Dawa waliyoipata Sagalla ni nyuki. Mtafiti Lucy King na wenzake wa shirika la Save the Elephants waliwachezea tembo wa Samburu sauti ya nyuki waliochokozwa, na familia nyingi zikatimua. Ngozi ya tembo ni nene, lakini nyuki anajua pa kuuma: kuzunguka macho, nyuma ya masikio, ndani ya mkonga. Kutokana na maarifa hayo ukabuniwa uzio wa mizinga, na Sagalla ikawa mahali ulipojaribiwa kwa miaka mingi zaidi. Nguzo zinasimamishwa kuzunguka shamba, mzinga unaning'inizwa kila baada ya mita 10, na waya unaiunganisha yote. Baina ya mizinga ya kweli huwekwa ya bandia, vipande vya mbao vyenye umbo la kumtia tembo shaka, ili gharama ipungue. Tembo akisukuma waya popote gizani, mizinga inayumba, wenyewe wanatoka.

Hiyo ndiyo kazi tuliyopewa: kuukarabati uzio uliochoka, na kuurefusha upande wa bonde. Fundi alikuwa mzee wa kijijini, mtu wa maneno machache, na tangu alfajiri ya kwanza ilieleweka kwamba yeye ndiye mkubwa wa kazi. Alikagua kila shimo kwa kijiti alichokikata mwenyewe. Shimo lisilofika alama lilichimbwa tena. Nguzo ikishashindiliwa aliiegemea kwa bega lake lote, akasikiliza, akapita kwenye nyingine.

Kuufunga mzinga kunahitaji subira. Lazima uning'inie usawa wa kifua, ili mwenye shamba arine bila ngazi. Lazima uwe na paa la nyasi au bati, kwa sababu jua la Voi huyeyusha masega. Waya wa kushikilia hupakwa grisi ili sisimizi wasipite. Halafu kuna nyegere, mnyama mdogo asiyeogopa kitu duniani, ambaye asali ataifuata hata kwa kutambaa juu ya nguzo. Kwa hiyo nguzo huvikwa bati laini ambalo kucha zake haziwezi kulishika. Mwisho mzee alituonyesha namna ya kuyeyusha nta na kuipaka chini ya vijiti vya juu vya mzinga, ukanda mwembamba, usionenepa wala kukatika. Nyuki hawaletwi. Wanaitwa kwa harufu hiyo, nao huja wenyewe msimu wa maua ukifika. Msichana mmoja wa kundi letu alikuwa na mkono mwepesi wa kupaka nta, na kufika siku ya pili mzee akawa anampelekea yeye mizinga yote.

Nina msimamo kuhusu safari za kujitolea, na Sagalla imeuimarisha. Mgeni afanye kazi ambayo mwenyeji ameichagua, chini ya fundi wa mwenyeji, na aondoke akiacha kitu ambacho mwenyeji anaweza kukitengeneza kikiharibika. Waya, nguzo na nta vyote vinapatikana Voi mjini. Nguvu za mikono ya vijana zilihitajika kweli, kwa sababu kuchimba udongo ule mkavu ni kazi ya kuvunja mgongo na wanaume wengi wa rika lao wamekwenda kutafuta vibarua Mombasa na Nairobi.

Uzio huu una mipaka yake, na wanakijiji hawaifichi. Mvua ikikosekana maua hukosekana, nyuki huhama, na mizinga mitupu haimtishi tembo kwa muda mrefu. Utafiti uliochapishwa 2024, uliofuatilia mashamba ya Sagalla kwa miaka 9, ulionyesha kwamba katika misimu ya mazao iliyo mizuri uzio uliwazuia hadi asilimia 86 ya tembo waliokaribia, na kwamba ukame wa 2017 uliwapunguza nyuki vibaya sana. Hata hivyo mama mwenyeji wetu alikuwa na chupa za asali kabatini, nyeusi na nzito, yenye ladha ya miti ya miiba. Shamba lake linalindwa na kitu kinachomwingizia fedha. Sijaona ukuta wala shoti ya umeme inayoweza kusema hivyo.

Ndipo tukaingia Tsavo Mashariki.

Hifadhi hizi mbili za Tsavo, zilizoanzishwa 1948, zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000 kwa pamoja, na ukubwa huo unausikia mwilini. Serengeti inakuonyesha wanyama wake uwanjani. Tsavo ni ya vichaka, na humpa zaidi anayevumilia. Unaendesha kwa muda mrefu ukiona miiba, mibuyu na vichuguu virefu vyekundu, halafu swala twiga anasimama kwa miguu miwili ya nyuma, shingo imenyooka, midomo inachagua majani kileleni mwa kichaka kana kwamba hakuna gari lililosimama. Kanga tumbusi wanavuka njia wakiwa na vifua vya buluu inayowaka. Simba wa huku, madume wengi wakiwa na manyoya machache shingoni, ni ndugu wa wale wawili waliowaua wajenzi wa reli mtoni Tsavo mwaka 1898. Na upeo wa macho upande wa kaskazini umefungwa na uwanda wa Yatta, mkondo wa lava iliyoganda wenye urefu wa karibu kilomita 300, mto Galana ukiwa chini yake.

Bwawani Aruba tulizima injini mchana jua likiwa kali. Walitoka vichakani kwa mafungu, majike wakubwa mbele, watoto wakiwa wamebanwa katikati, wote wakiharakisha hatua walipoyanusa maji. Sensa ya wanyamapori ya Kenya ya 2021 ilihesabu karibu tembo 15,000 katika eneo la Tsavo, kundi kubwa kuliko mahali pengine popote nchini humo. Kwa wanafunzi wangu wa safari idadi hiyo ilikuwa imepata uzito mpya. Hakuna aliyepiga kelele. Msichana wa nta alinionyesha jike moja lenye tundu sikioni, akauliza kwa sauti ya chini kama hilo nalo hushuka Sagalla usiku. Huwezi kujua, lakini swali lilikuwa sahihi, na asingeliuliza kama tungeanza na mbuga. Ningemshauri kila mwalimu anayepanga safari ya aina hii afuate mpango huo huo: shamba kwanza, hifadhi baadaye.

Juu ya vichaka, reli mpya ya Mombasa na Nairobi inapita kwenye tuta refu, na chini yake yameachwa mapito mapana. Tuliona nyayo za tembo zikiingia upande mmoja na kutokea wa pili.

Mzima tuliifikia kupitia Tsavo Magharibi, na hapo maneno yananipungukia. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu huzama ndani ya majivu na mawe ya volkano, hutembea chini ya ardhi, kisha huibuka katikati ya nchi kavu ikiwa maji maangavu kiasi cha kuona kila jiwe chini. Mitende na mikuyu imeyazunguka. Kuna chumba cha chuma kilichozamishwa nusu majini, chenye madirisha ya kioo. Unashuka ngazi chache, na samaki wanapita usoni pako kwa makundi wakiwa na kivuli cha kiboko juu yao. Sehemu ya maji haya husafiri kwa bomba hadi Mombasa, na watu wa Taita Taveta kwa miaka mingi wamekuwa wakidai mgao ulio mkubwa zaidi kwa vijiji vinavyopitiwa na bomba hilo. Nilikumbuka madumu ya mama wa Sagalla yaliyopangwa mlangoni, nikaona wana haki.

Njia ya kurudi, kutoka lango la Maktau hadi Taveta, kijana mmoja kutoka Rombo alikaa kiti cha mbele na daftari lake. Kwao nako tembo huvuka kutoka upande wa Kenya na kuingia mashambani, na wazee hulinda mahindi kwa kupiga madebe usiku kucha. Katika daftari alikuwa amechora kila kitu: urefu wa nguzo, fundo la waya, kipimo cha bati la kumzuia nyegere, jinsi vijiti vya juu vinavyokaa. Mzee wa Sagalla alimpa pia namba yake ya simu. Walikuwa wamekubaliana kwamba mzee atavuka mpaka kabla ya mvua za vuli, kijana atamlipia nauli na kumlaza nyumbani kwa baba yake, na mahali pa nguzo ya kwanza patachaguliwa na mzee mwenyewe.